Siku tatu Dar es Salaam: mwongozo kamili wa kuona, kutembea na kula kila kitu kwa saa yake

Ndugu na marafiki wengi niliowapokea Dar es Salaam walikuja na orodha ndefu ya mahali pa kwenda, na wengi waliondoka hawajafikia hata nusu yake, si kwa uvivu bali kwa sababu orodha zao hazikuwa na saa. Katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, foleni na joto ndivyo vinavyoamua mgeni ataona nini. Mnada wa samaki hupamba moto wakati wengine bado wamelala, vitumbua vizuri huisha kabla ya saa nne asubuhi, makumbusho hufungwa jioni, na mishikaki haina ladha yake mpaka jua lizame. Kwa hiyo nimeupanga mwongozo huu kwa kufuata saa za siku, nikiamini kwamba anayekwenda na saa za Dar es Salaam atakula vizuri, atatembea kivulini na hatakaa sana ndani ya daladala lililosimama.

Hatua ya kwanza: kuchagua majira na mahali pa kulala

Ukiwa na hiari ya kuchagua, njoo kati ya Juni na Septemba, wakati upepo wa kusi unapoza jiji na mvua ni chache. Masika, yaani Machi hadi Mei, si wakati mbaya kwa mpenda mvua, lakini mvua kubwa ikinyesha Mto Msimbazi hufurika pale Jangwani na Barabara ya Morogoro hufungwa, na hapo mtu aliyelala Kimara na mwenye miadi Posta hana la kufanya. Desemba hadi Februari joto ni kali na lina unyevu. Ukija miezi hiyo, ongeza mapumziko ya mchana katika kila hatua iliyoandikwa hapa chini.

Kuhusu malazi, ushauri wangu ni kutokwenda mbali kwa kufuata unafuu wa bei. Nyumba ya wageni ya bei rahisi pembezoni mwa jiji itakugharimu saa mbili kila asubuhi na saa mbili kila jioni. Tafuta chumba Kisutu, Upanga, pembeni mwa Kariakoo au Magomeni, ambako unaweza kufika katikati ya mji kwa miguu au kwa safari fupi. Magari mengi huingia mjini kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi na hutoka kati ya saa kumi jioni na saa mbili usiku, na wewe uliyelala katikati unakuwa umejiondoa katika mbio hizo zote.

Mabasi ya mikoani, tangu mwaka 2021, huishia katika kituo cha Magufuli, Mbezi Luis, si Ubungo tena, na wageni waliokuja miaka mingi iliyopita bado hulikosea jambo hili. Kutoka huko uliza kwanza hali ya mwendokasi siku hiyo. Yakiwepo, mabasi hayo yana njia yake peke yake kwa sehemu kubwa ya safari na ndiyo yatakayokufikisha mapema kuliko teksi. Anayetoka Dodoma au Morogoro ana treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 na ambayo inamshusha karibu kabisa na mji.

Hatua ya pili: asubuhi ya kwanza, Soko la Samaki la Feri

Amka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Najua ni vigumu baada ya safari, lakini hakuna mahali pengine ambapo jiji hili linajieleza waziwazi kama hapa, mbele ya mlango wa bandari, ambapo mashua na ngalawa zinaegesha na samaki wanabebwa kwa vikapu na ndoo hadi mezani pa mnada. Vaa viatu ambavyo huogopi kuvilowesha na nguo ambayo huogopi kuichafua. Dalali husimama juu ya meza akitaja bei kwa kasi, wanunuzi humjibu kwa ishara ndogo ya kichwa au kidole, na kabla hujaelewa nani ameshinda, fungu limeshaondoka. Simama kando kidogo, usiguse samaki wa mnadani, wala usinyanyue mkono kujikuna.

Utaona changu, kolekole, nguru, jodari, taa, vibua, ngisi na pweza. Kama unataka kununua kwa ajili ya kula, usijaribu mnada. Nenda kwenye meza za rejareja, salimia kwanza, kisha ulize bei. Mama wa makamo anapewa shikamoo yake hata kama yuko katikati ya kuhesabu fedha, na nimeona mara nyingi kwamba salamu hiyo inalainisha bei kuliko hoja yoyote. Tazama macho ya samaki yawe maangavu na yaliyojaa, na mashavu ya ndani yawe mekundu. Ukishanunua, vijana wanaopara samaki watakusafishia kwa malipo madogo, na upande wa wakaangaji, penye makarai makubwa na moshi mwingi, utakaangiwa papo hapo. Samaki huyo, akiliwa kwa mkono pamoja na ndimu, chumvi na pilipili, ndicho kifungua kinywa ninachokipenda kuliko vyote jijini.

Jambo moja la kuzingatia kwa uzito: Ikulu iko jirani na eneo hili la Magogoni, kwa hiyo weka simu mfukoni unapopita upande huo na usipige picha za majengo ya serikali wala za vyombo vya ulinzi.

Kabla ya kuondoka Feri, panda pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Safari yenyewe ni ya dakika chache na nauli yake ni ndogo mno. Uliza dirishani kama siku hiyo malipo ni ya kadi. Daraja la Nyerere lilifunguliwa mwaka 2016, lenye urefu wa mita 680, na wengi wenye magari hulitumia, lakini kwa mtembea kwa miguu pantoni bado ndiyo njia. Panda juu kama pana nafasi, geuka nyuma, utazame mji ukiwa majini: minara ya makanisa, maghorofa ya vioo na meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini, vyote kwa pamoja.

Hatua ya tatu: kuutembea mji mkongwe kabla ya saa tano

Sasa uko na nguvu na jua bado ni la huruma. Tembea kutoka Feri kwa kufuata ukingo wa bandari, maji yakiwa kushoto kwako. Utafika kwanza Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye paa jekundu na mnara mweupe, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, yote mawili yakiwa yamejengwa enzi za Wajerumani, ambao mwaka 1891 waliyahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo. Mbele kidogo ni Boma la Kale, lililojengwa katika miaka ya 1860 wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoanza kuugeuza upande huu wa kijiji cha Mzizima kuwa mji. Kuta zake ni za matumbawe na mlango wake ni wa nakshi. Ingia, kwa sababu ndani pameandaliwa maonyesho ya historia ya majengo ya jiji, na kwa dakika thelathini utaelewa kwa nini nyumba unazoziona barabarani zinafanana na za Zanzibar, za Gujarati na za Ujerumani kwa wakati mmoja.

Kutoka hapo panda hadi Mnara wa Saa, uliowekwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji Desemba 1961, kisha fuata Mtaa wa Samora hadi kwenye Sanamu ya Askari. Simama hapa kwa muda. Watu wengi hupita wakiitumia kama alama ya kukutania tu, ilhali kisa chake ni kizito. Sanamu hii ya shaba ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana katika Vita Kuu ya Kwanza, na imesimama mahali ambapo awali palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Soma maandishi yake ya Kiswahili, kwa maana hayawataji askari peke yao, bali pia wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Maneno hayo yaweke moyoni hadi kesho, tutakapofika Kariakoo.

Hatua ya nne: kivuli cha mchana

Saa tano na nusu jua limekolea. Fuata Samora hadi kwenye bustani ya mimea iliyoanzishwa na Wajerumani, upumzike chini ya miti mikubwa, kisha uingie Makumbusho ya Taifa katika Mtaa wa Shaaban Robert. Hapa nitoe onyo ambalo limewasaidia wageni wengi: usimwambie dereva wa bajaji “nipeleke Makumbusho” bila kuongeza neno. Atakupeleka kituo cha daladala cha Makumbusho, Kijitonyama, kilichopata jina hilo kutokana na Kijiji cha Makumbusho kilicho jirani, na utakuwa umepoteza saa nzima. Sema “Makumbusho ya Taifa, Posta”.

Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1940. Usijaribu kuona kila kitu. Anza na chumba cha chimbuko la binadamu, chenye habari za Zinjanthropus, fuvu lililofukuliwa na Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 na linalokadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 1.75. Endelea na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kisha utazame magari yaliyotumiwa na viongozi wa nchi, ambayo watoto huyapenda sana, na umalizie kwenye kumbukumbu ya waliouawa katika mlipuko wa ubalozi wa Marekani hapa jijini tarehe 7 Agosti 1998.

Chakula cha mchana kitafute kwa mama lishe wa mitaa ya jirani, na kigezo changu ni kimoja: kaa pale ambapo wafanyakazi wa ofisini na madereva wamekaa benchi moja. Agiza wali wa nazi kwa maharage na mchicha au kisamvu, pamoja na kipande cha samaki wa kukaanga. Fika kabla ya saa saba, kwa sababu baada ya hapo mboga nzuri zimekwisha. Siku ya Ijumaa badili mpango uende hoteli ndogo za Kisutu na Mtaa wa Jamhuri, ambako pilau na biriani hupikwa kwa wingi kwa ajili ya watu wanaotoka msikitini. Ukija mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa barabarani mchana. Subiri magharibi, kwa maana futari ya Dar es Salaam, yenye mihogo ya nazi, tambi, magimbi, kaimati na uji wa pilipili manga, inastahili safari ya peke yake.

Rudi chumbani ulale hadi saa kumi na nusu. Silitaji hili kama anasa. Asiyelala mchana huku hana jioni.

Hatua ya tano: jioni ya kwanza, Kisutu na Mtaa wa Jamhuri

Jua likishazama, mitaa ya zamani ya Wahindi hubadilika. Majiko ya mkaa hutolewa nje, viti hupangwa kwenye njia ya waendao kwa miguu, na moshi wa kuku na mishikaki hujaa mtaani. Agiza mishikaki, kuku wa kuchoma robo, naan au chapati, na uombe chatini ya ukwaju pembeni. Usiagize vingi mahali pamoja. Kula kidogo hapa, tembea, kula tena mbele. Juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi ndiyo inayofaa katikati ya vituo hivyo viwili.

Malizia na kahawa chungu. Muuza kahawa utamsikia kabla hujamwona, kwa jinsi anavyogonganisha vikombe vyake vidogo vya udongo, akiwa na dele lenye makaa chini yake. Nunua kashata ya karanga, keti kwenye benchi na wazee, na usiharakishe. Mazungumzo ya siasa na ya mpira utakayoyasikia hapo hayapatikani katika makumbusho yoyote. Ukiulizwa kama wewe ni wa Simba au wa Yanga, jibu kweli yako kwa upole, ukikumbuka kwamba Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936 na kwamba wazee hao wameusikia ushindani huo tangu utotoni.

Hatua ya sita: siku ya pili, Kariakoo kwa utaratibu

Kariakoo ndiyo inayowashinda wageni wengi, na mimi mwenyewe niliwahi kuibiwa simu huko kwa kuwa nilikwenda mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, nikiwa na begi mgongoni. Tangu hapo nina utaratibu ambao haujaniangusha. Nenda siku ya kazi ya katikati ya wiki, ufike saa mbili asubuhi, uwe umemaliza kabla ya saa sita. Begi libebe kifuani, fedha ya matumizi ya saa ile iwe mfuko wa mbele, na nyingine ibaki chumbani. Usitoe simu barabarani kutafuta njia. Ingia dukani, salimia, uulize.

Jina lenyewe ndilo lile la wapagazi wa sanamu ya jana. Kikosi chao Waingereza walikiita Carrier Corps, kilipiga kambi hapa wakati wa vita, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Askari walipata sanamu, wapagazi wakapata mtaa unaofurika watu kila siku, na mimi kila nikiwaona makuli wakipita na mizigo kichwani wakisema “pisha, pisha”, nahisi kwamba ukumbusho wa pili ndio ulio hai zaidi.

Jengo la soko, lenye paa la miavuli ya zege, ni kazi ya msanifu Beda Amuli ya miaka ya 1970, na litazame kwa makini hata kama huna cha kununua. Miavuli ile haikuwekwa kwa urembo tu: inatoa kivuli, inapitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Moto uliliteketeza Julai 2021, na serikali ikaingia katika kazi ya kulikarabati na kujenga jipya pembeni yake.

Kwa manunuzi, kanga na vitenge vitafute katika maduka ya Mtaa wa Uhuru. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili, na kabla ya kulipa lazima usome maneno yake, kwa sababu mtu utakayempelekea atayasoma kabla ya kuangalia rangi. Nimemwona mgeni akinunua doti nzuri ya zawadi kwa mama mkwe, maneno yake yakiwa ya kumsuta jirani. Ikunjue yote, uangalie kama pindo limechapwa sawasawa, kisha uulize bei ya jumla ikiwa unachukua zaidi ya chache. Kupatana bei hapa ni jambo la heshima linalofanywa kwa tabasamu. “Nipunguzie, dada” inatosha, na ukishakubaliwa bei uliyoitaja mwenyewe, usigeuke.

Kifungua kinywa cha siku hii kiwe chapati mbili na supu ya ng’ombe, au vitumbua na chai ya rangi, katika kibanda chochote chenye watu.

Hatua ya saba: jioni ya pili, Coco Beach

Ufukwe wa Coco, Oysterbay, ni wa watu wote, na hilo ndilo linalonifanya niupende. Jumapili jioni familia nzima huja na watoto, mipira na redio. Siku nyingine pana utulivu zaidi. Fika saa kumi na moja. Mihogo ndiyo iliyoupa ufukwe huu sifa: hukaangwa ikawa na ganda jembamba linalolia mdomoni, ikapasuliwa, ikatiwa chumvi, kachumbari na pilipili. Waombe wakupe iliyotoka jikoni sasa hivi, kwa sababu muhogo uliopoa umepoteza kila kitu. Ongeza mishikaki na dafu. Kuogelea kuwe kwa tahadhari, maji yakiwa yanajaa na watu wengine wakiwepo, kwa sababu maji yakikupwa miamba huwa wazi na ni mikali kwa miguu.

Ukirudi kupitia Kinondoni au Magomeni, simama penye kibanda cha pweza. Vipande vidogo huchomwa kwa kijiti na kuchovywa katika pilipili, na supu yake hunywewa kikombeni, ya moto. Kama ni mwisho wa wiki, uliza Msondo Ngoma au Sikinde wanapiga wapi usiku huo. Bendi hizi mbili za dansi bado zina wapenzi wanaojua kila wimbo, na mgeni hupewa kiti.

Hatua ya nane: siku ya tatu, kisiwa au sanaa

Hapa lazima uchague. Ukipenda bahari, nenda Mbudya kwa boti kutoka upande wa Kunduchi. Ondoka asubuhi, lipa kiingilio cha hifadhi ya bahari, beba maji ya kutosha, na ukifika tu agiza samaki wa kuchoma, kwa sababu huchukua muda na wanaoagiza saa saba hula saa tisa. Patana na nahodha saa ya kurudi kabla hajaondoka.

Ukipenda sanaa, anza na Morogoro Stores, Oysterbay, penye ushirika wa wachoraji wa Tingatinga. Edward Said Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za mafuta zinazong’aa, na waliofuata wameiendeleza sanaa hiyo hapohapo, kwa hiyo unanunua kwa mchoraji mwenyewe, rangi ikiwa haijakauka vizuri. Kisha nenda Mwenge kwenye vinyago vya Kimakonde. Mpingo wa kweli ni mzito kuliko unavyotarajia. Lowesha kidole usugue sehemu iliyofichika, na ukiona weusi umehamia kidoleni, kinyago hicho kimepakwa rangi ya viatu. Kijiji cha Makumbusho, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, kiko njiani, nacho kinafaa zaidi kwa wenye watoto.

Hatua ya tisa: kuondoka

Toka chumbani saa tatu kabla ya muda wa basi la Mbezi, au mbili kabla ya treni. Zawadi za njiani ni korosho na kashata. Lakini ninaowasindikiza huwapitisha Feri alfajiri hiyo, wanunue nguru wa kukaanga aliyekauka vizuri ambaye atahimili safari ya siku nzima. Njoo na kikapu chako cha ukindu, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Mwambie mkaangaji unasafiri naye ili amrudishe karaini kidogo, amwache apoe kabisa, ndipo amfunge kwenye karatasi.